Ini lina makovu, usingizi haupo: diazepamu tuiondoeje?

Daktari, habari za kazi.

Naandika kutoka upande wa dawa. Mgonjwa ni mzee wa miaka 61 mwenye makovu ya ini, tumbo lake hujaa maji. Kwa miezi minne amemeza diazepamu, dawa ya usingizi, miligramu 5 kila usiku. Wanawe wamesikia kwamba dawa za usingizi zinaua ini, wanataka ikatwe leo leo.

Hapo wamelishika jambo kichwa chini. Ni nadra diazepamu kuliumiza ini. Ini bovu ndilo linaloshindwa kuiondoa. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya dawa hutoka damuni kwa saa 20 hadi 50. Ini huigeuza kuwa desmethildiazepamu, nayo hulevya vilevile, na nusu yake huweza kuchukua hadi saa 100 kutoka. Ini likiwa na makovu, muda huo huweza kuongezeka maradufu au zaidi, kwa hiyo kidonge cha leo kinakikuta cha juzi bado kipo. Majibu ya maabara nayo yamewapoteza. ALT, kimeng'enya cha ini, ni 34, kiwango cha kawaida, wakaambiwa ini ni zima, kumbe albumini, protini inayotengenezwa na ini, imeshuka hadi gramu 26 kwa lita, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, imepanda hadi 1.8. ALT huonyesha seli zinazovunjika. Haisemi zilizobaki zinafanya kazi kiasi gani.

Kinachonitia hofu ni kwamba analala mchana na kukesha usiku. Akinyoosha mikono mbele, viganja vikiwa vimeinuliwa na vidole kutanuliwa, viganja huanguka ghafla na kuinuka tena, mara kwa mara. Hiyo ni dalili kwamba sumu ambazo ini lilipaswa kuzichuja, amonia ikiwemo, zimefika kwenye ubongo. Huenda basi kule kukesha ndiko kulikokuwa dalili ya kwanza, akapewa dawa inayozidisha tatizo. Tena hajapata choo siku tatu, na nyumbani alikuwa anapewa vidonge vya mafua vyenye klorofeniramini, ambavyo navyo husinziisha na kufunga choo.

Amelazwa leo. Damu na chumvi za mwili vinapimwa, na maji ya tumbo yanachunguzwa kutafuta maambukizi. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo inayosaidia kutoa amonia, imeanza, mililita 30 mara tatu kwa siku, tutaipunguza akifikia choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku.

Ninapokwama ni kwenye diazepamu. Kuikata ghafla baada ya miezi minne huweza kuleta mitetemeko, hata kifafa. Ila kwa ini hili dawa itajishusha yenyewe polepole. Je, tuisimamishe na kumchunga, au tushuke hadi miligramu 2.5 kwanza? Wodini wamependekeza lorazepamu, dawa ya jamii moja na diazepamu, kwa kuwa haitegemei vile vimeng'enya vinavyodhoofika mapema. Kuondoka kwake sina shaka nako, lakini ubongo utalewa vilevile. Dalili za kuacha dawa zikijitokeza, miligramu 0.5 ingetosha, au hata hiyo ni nyingi kwake? Na mtetemeko wa kuacha dawa mnautofautishaje kitandani na huu wa ini?

Mfamasia