Ukurasa wa mapishi utupe nyuzijoto, usitupe rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu kuku mzima wa moshi, ambaye ukurasa wenu wa mapishi ulimwandikia hivi karibuni. Maelezo yalikwenda vizuri mpaka mwishoni, mpishi alipoambiwa amwache kuku kwenye moshi hadi awe na rangi nzuri ya kahawia, kisha amwepue na kumwandalia mgeni. Basi, imeisha. Hakuna joto, hakuna kipimo, rangi tu.

Nimefundisha sayansikimu mpaka nikastaafu, na sasa naishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, ambako harufu ya samaki wa moshi huingia ndani bila hodi. Majirani zangu wanakausha sangara na sato, na katika rangi ya samaki sina la kuwafundisha. Wanamtupia jicho tu, wanajua. Shida inaanza pale jicho hilohilo tunapolihamishia kwa kuku. Samaki wa moshi wa huku kwetu amepasuliwa, nyama yake ni nyembamba, na anakaa juu ya chanja muda mrefu hadi maji yamwishe. Akifikia rangi ile, ndani ameshaiva zamani. Kuku mzima ana kidari kinene na mapaja yaliyojibana ubavuni, na ngozi yake inaweza kupendeza kabisa wakati kiungo cha paja bado hakijaonja moto wa maana.

Tena rangi hiyo haiji kwa joto peke yake. Ndani ya moshi wa kuni mna viambata vinavyoshikana na protini za ngozi na kuifanya ya kahawia, hata kama jiko ni la uvuguvugu tu. Ukimweka kuku kwenye moto dhaifu wenye moshi mzito, atapata sura ya kuiva mapema kuliko aliye kwenye moto mzuri. Bakteria wa Salmonella na Campylobacter, ambao ndio wanaotupeleka zahanati, wanakufa kwa joto. Kipimo kinachokubalika ni nyuzijoto 74 za Sentigredi katika sehemu nene kuliko zote: katikati ya kidari, na ndani ya paja karibu na mfupa bila ncha ya kipimajoto kuugusa mfupa wenyewe. Mimi paja nalipeleka mpaka 80 na zaidi, maana likiwa na 74 kamili linalika salama lakini bado linavutana na meno.

Rangi inadanganya na upande wa pili pia, na hapa nawatetea wapishi wanaorudishiwa sahani. Nyama ya kuku wa moshi mara nyingi huwa ya waridi chini kidogo ya ngozi, hata ikiwa imeiva vizuri. Gesi zilizomo katika moshi, hasa oksidi ya nitrojeni na kaboni monoksaidi, hushikana na ile rangi ya asili ya nyama na kuizuia isigeuke kijivu. Kuna na wekundu wa kwenye mifupa. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya ikatoka nje, zaidi akiwa amewahi kugandishwa. Mgeni akiona hivyo anasema mbichi, mpishi anamrudisha kuku motoni, na kidari kinakuwa kikavu, hakimezeki bila maji. Wote wawili wangeamuliwa na sindano ya kipimajoto kwa dakika moja.

Najua nitaambiwa: Mwalimu, nani ana kipimajoto cha nyama huku Igombe? Changu nilikipata mjini kwa bei inayokaribiana na jogoo mmoja wa kienyeji, na jogoo huyo angeliwa siku moja. Ila nawatahadharisha wanaokipima kwa maji yanayochemka. Vitabu vingi vinasema maji huchemka kwa nyuzijoto 100, na hiyo ni kweli kwa Tanga na Dar es Salaam. Sisi tunaishi kando ya ziwa lililo karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kijana mmoja wa hapa jirani alitaka kukirudisha chake dukani, anasema kibovu, kinasoma 96. Nikamwambia akichovye kwenye bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, akoroge, asubiri. Kikasoma sifuri. Kipimajoto kilikuwa kizima.

Sasa naomba nieleze ninavyofanya, ili isije ikaonekana nakosoa tu.

Napenda kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu hivi. Namlaza usiku kucha katika maji ya chumvi, gramu 50 hadi 60 za chumvi kwa kila lita, na kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichopondwa. Maji hayo lazima yawe baridi muda wote. Umeme ukikatika, naagiza barafu kwa wauza samaki, natia kuku na maji yake kwenye mfuko safi na kuuzika katika barafu ndani ya dumu lenye mfuniko. Asiye na friji wala barafu asilaze kuku kwenye maji usiku. Ampake chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa na pilipili manga, amwache nusu saa, inatosha.

Akitoka kwenye maji nampangusa hadi akauke, nje na ndani. Hapa wapishi wengi wana haraka, na hapa ndipo wakaushaji samaki wanapotuzidi akili: hawapandishi chanjani samaki anayechuruzika. Ngozi yenye maji hushika masizi kwa michirizi, na kuku anakuwa mchungu. Nikipata nafasi namwacha ndani ya friji bila kumfunika saa kadhaa, ngozi inakauka yenyewe. Na tumboni siweki wali wala viazi. Vinazuia joto lisipite, halafu vinanyonya maji ya kuku mbichi.

Jiko langu ni pipa la lita 200 ambalo fundi wa kuchomelea alilikata mlango chini, akalitoboa matundu ya hewa na kuliwekea bomba juu. Kabla ya kumpa fundi pipa, uliza lilibeba nini. La kemikali usilitumie hata likichomwa mara ngapi. Wavu nao usiwe wa zinki, ule tunaojengea mabanda. (Ni kweli unaitwa wavu wa kuku, lakini wa kuku hai.) Mkaa nauweka upande mmoja, kuku anakaa upande wa pili, miguu ikielekea kwenye moto kwa kuwa mapaja yanahitaji joto zaidi. Chini yake naweka karai la maji kudaka mafuta. Mafuta yakidondokea makaa, moshi wake hubeba kemikali mbaya, mojawapo ikiwa benzopireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ulaya wana sheria juu yake: tangu Septemba 2014 nyama ya moshi hairuhusiwi kuzidi mikrogramu 2 kwa kilo. Ni sababu mojawapo ya wataalamu wa uvuvi kuhangaika miaka mingi kuboresha majiko ya kukaushia samaki Afrika, likiwemo lile la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi huko Accra, Ghana. Sisi wa nyumbani karai linatusaidia sana.

Kuni za moshi: mwembe, mpera, mchungwa. Hata magunzi ya mahindi, ambayo katika nchi ya Wasukuma hayatafutwi kwa tochi, yanatoa moshi mtamu. Ziwe kavu kabisa, wala msizilowanishe, maana kuni iliyolowa hutoa kwanza mvuke, halafu moshi mweupe mzito unaowasha macho na kukaa ulimini. Mnaoutafuta ni moshi mwembamba unaoelekea rangi ya buluu, karibu hauonekani. Msonobari hapana, una utomvu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa hapana kabisa. Mkaratusi wapo wanaoutumia. Mimi sitaki kula kuku anayenukia dawa ya kifua.

Joto ndani ya pipa nalishikilia kati ya nyuzi 110 na 135 kwa kufungua na kuziba matundu ya chini. Bomba la juu halizibwi. Kuku wa ukubwa niliotaja huchukua kama saa tatu, hupungua au kuzidi kwa upepo wa ziwani, na kila ukifungua mlango kumchungulia unaongeza muda. Kwenye joto hilo ngozi haikauki, inabaki kama mpira, kwa hiyo kidari kikikaribia 70 nakusanya makaa, nachochea, na kumalizia kwa moto mkali dakika chache. Kisha anapumzika robo saa kabla ya kukatwa.

Mvua zikianza, tafadhali, pipa lisiingizwe jikoni wala ukumbini. Ile kaboni monoksaidi inayopaka nyama waridi haina harufu, na inaua watu waliolala.

Kwa asiye na kipimajoto, ukurasa wenu ungeweza kumwambia hivi: mpe kuku moshi saa moja ya kwanza, ambapo ladha nyingi hushika, kisha mkate umchemshe kwa maji kidogo na kitunguu katika sufuria iliyofunikwa, hadi nyama iachie mfupa. Anabaki na harufu ya moshi na hakuna wa kuugua. Kwa jogoo wa kienyeji naanzia upande wa pili. Huyo saa tatu za pipa hazimlainishi hata kidogo. Namchemsha mzima taratibu mpaka uma upite, namkausha maji, kisha namfukiza kwa moshi saa moja hivi. Supu yake ni faida.

Wapo watakaouliza kwa nini mwalimu mzima anahimiza kuni wakati Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Naunga mkono, na chai yangu ya kila asubuhi naipika kwa gesi. Kuku wa moshi ni wa sikukuu, na matawi ya mwembe uliopunguzwa uani hayakukata msitu wa mtu.

Jambo la mwisho linanikera kuliko yote, na ni rangi ileile. Wapo wauzaji mjini wanaotundika kuku wa moshi kwenye kabati la kioo tangu asubuhi hadi watu watoke kazini, bila baridi na bila moto, na mteja anaamini moshi umemhifadhi. Dagaa wa soko la samaki la Kirumba Mwaloni hukaa kwa sababu amekaushwa, hana maji. Kuku niliyemweleza hapa amejaa maji, ndiyo maana ni mtamu, na moshi wa saa tatu haumlindi na chochote. Anatakiwa aingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu atoke motoni, na aliwe kwa siku tatu au nne. Akikaa kwenye joto la mchana wa Mwanza kutwa nzima, hata angekuwa na rangi ya dhahabu, mimi simpi mjukuu wangu. Kama mwandishi wenu wa afya atapata muda, awapitie wauzaji hao na kipimajoto mkononi, aandike alichokisoma. Nitanunua gazeti la siku hiyo mapema.

Na ukurasa wa mapishi, ombi langu ni dogo. Kila mnapoandika kuku, iwe wa moshi, wa kuchoma au wa kuoka, wekeni chini yake mstari mmoja: nyuzijoto 74, sehemu nene, usiguse mfupa.

Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Igombe, Mwanza