Mapinduzi ya Uingereza ya 1688: tufuate fedha na jeshi

Ndugu Mhariri,

Kila inapoandikwa asili ya mamlaka ya mabunge yetu, Mapinduzi Matukufu ya Uingereza hupewa aya moja tu: Mfalme James II alikimbia, Bunge likatunga Sheria ya Haki mwaka 1689, tangu hapo mfalme akawa chini ya Bunge. Simulizi hiyo inaruka mahali penyewe. Charles I naye aliikubali hati ya namna hiyo, Ombi la Haki la 1628, kisha akatawala miaka 11 bila kuita Bunge. Baada ya 1688 kilichobadilika ni masharti ya kumpa mfalme fedha na askari.

James, Mkatoliki, alirithi kiti cha enzi Februari 1685. Bunge la mwaka huo, lililojaa watiifu wake, lilimpa ushuru wa forodha na wa bidhaa kwa maisha yake yote. Biashara ilikuwa ikipanda, mapato yakapanda nayo, na hakuhitaji kurudi kuomba. Uasi wa Duke wa Monmouth, mtoto wa kaka yake aliyedai kiti hicho, ulipozimwa Sedgemoor mwezi Julai, alibaki na jeshi kubwa ambalo hakutaka kulipunguza. Wabunge walipolalamikia maofisa Wakatoliki walioteuliwa kinyume cha sheria, aliliahirisha Bunge Novemba 1685, nalo halikukaa tena. Mwaka 1686, katika kesi ya Godden na Hales, majaji 11 kati ya 12 waliamua kwamba mfalme anaweza kumwondolea mtu masharti ya sheria. Majaji waliosita alikuwa amekwisha kuwafukuza kabla ya kesi kusikilizwa.

Wengi walivumilia kwa kuwa mrithi alikuwa binti yake Mary, Mprotestanti, mke wa William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi. Tarehe 10 Juni 1688 mfalme akapata mtoto wa kiume, ambaye angelelewa Mkatoliki na kumtangulia Mary, na uvumilivu ukaisha. Tarehe 30 Juni maaskofu saba waliopinga amri ya kusoma makanisani Tamko lake kuhusu dini walishinda kesi. Siku hiyohiyo vigogo saba wakatia saini barua ya kumwalika William. Alitua Torbay tarehe 5 Novemba na askari wapatao 15,000. Jeshi la James lilikuwa kubwa zaidi, lakini makamanda wake, John Churchill akiwamo, walihamia upande wa pili. Kwa hiyo mfalme aliangushwa na jeshi la kigeni pamoja na usaliti wa maofisa wake mwenyewe. Bunge halikuwapo kabisa.

Usiku wa kukimbia, tarehe 11 Desemba, James alichoma hati za kuitisha uchaguzi zilizokuwa hazijatumwa, akautupa Muhuri Mkuu mto Thames. Wengi huliona hilo kama kiroja cha mtu aliyechanganyikiwa, nami siafiki. Bila hati zenye muhuri huo Bunge halali halikuweza kuitwa, na bila mfalme hapakuwa na wa kuitoa hati. Alikuwa amefunga mlango wa kisheria kwa makusudi.

Njia iliyopatikana ilikuwa ya kubahatisha. William aliwakusanya watu waliowahi kuwa wabunge enzi za Charles II, pamoja na viongozi wa jiji la London, nao wakamwomba atume barua za kuchagua Mkutano, yaani baraza la kushika nafasi ya Bunge. Ulianza 22 Januari 1689. Makabwela, yaani wajumbe wa kuchaguliwa, walipitisha kwamba James amejiuzulu na kiti ki wazi. Malodi, yaani baraza la makabaila na maaskofu, wakayakataa maneno yote mawili, maana kiti kikiwa wazi ufalme wa kurithi unakuwa wa kuchaguliwa. Walisalimu amri tarehe 6 Februari, baada ya William kueleza wazi kwamba hatakaa kama msimamizi tu wala kama mume wa malkia. Tarehe 13 Februari Tamko la Haki, lililokuja kuwa Sheria ya Haki, lilisomwa mbele ya William na Mary na taji likatolewa. Siku chache baadaye Mkutano ukajitungia sheria kwamba wenyewe ni Bunge. Ukilisoma jambo hilo kama mwanasheria, nguzo yote imesimama hewani, na ndiyo maana Askofu Mkuu wa Canterbury, William Sancroft, alikataa kula kiapo cha utii kwao.

(Tahadhari kwa walimu: mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi, na sheria ilihesabiwa kuwa ya siku ya kwanza ya kikao cha Bunge, kikao ambacho kilianza kabla ya tarehe hiyo. Ndiyo sababu vitabu vingine huandika Sheria ya Haki ya 1688 ingawa ilipata kibali cha mfalme 16 Desemba 1689. Hakuna sheria mbili.)

Sasa kiini. Sheria ya Haki ilipiga marufuku jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge, lakini marufuku haijilindi yenyewe. Machi 1689 kikosi cha Waskoti kiliasi Ipswich, ikabidi itungwe haraka sheria ya kuruhusu mahakama za kijeshi. Bunge liliipa uhai hadi Novemba tu. Ikawa desturi: sheria hiyo ilihuishwa kwa muda mfupi mfupi, na ilipoisha, ofisa hakuwa na nguvu ya kisheria ya kumwadhibu mtoro. Upande wa fedha, mwaka 1690 William alipewa ushuru wa forodha kwa miaka minne tu. Wabunge walikuwa wamejifunza kosa la 1685.

Kisha vita na Ufaransa, 1689 hadi 1697, vikamaliza kazi. Gharama zake ziliyapita mbali mapato ya kawaida, kwa hiyo Bunge limekutana kila mwaka tangu 1689. Waliotoa fedha wakataka hesabu, na tume ya kukagua matumizi ikaundwa. Mwaka 1694 Benki ya Uingereza iliikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8, na waliokopesha waliamini kodi zilizopitishwa na Bunge kuliko neno la mfalme. Mwaka huohuo William alikubali uchaguzi angalau kila miaka mitatu, mswada aliokuwa ameukataa mwaka uliotangulia. Amani ilipokuja, Makabwela walipunguza jeshi la Uingereza hadi askari 7,000, na mfalme akalazimika kuwarudisha kwao walinzi wake Waholanzi. Majaji walisubiri zaidi: ulinzi wao dhidi ya kufukuzwa uliandikwa mwaka 1701.

Nako kuyaita mapinduzi hayo ya bila damu ni kuwasahau waliokufa Boyne na Aughrim huko Ireland, na Killiecrankie na Glencoe huko Scotland.

Katiba ya Tanzania imebeba sehemu ya urithi huu. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano bungeni usihojiwe mahakamani, na ibara ya 138 inazuia kodi isiyotokana na sheria ya Bunge. Zote mbili zina ndugu zao katika Sheria ya Haki. Lakini ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. William pia aliweza kuvunja Bunge, na alifanya hivyo mwaka 1690, ila Bunge jipya ndilo lililompa forodha ya miaka minne. Kwetu mbunge anayeikataa bajeti anajua kwamba kiti chake kimo hatarini kabla fedha za Serikali hazijaguswa.

Msomaji,
Dodoma