Tusifyeke chini ya miti tukadhani tunautunza msitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi inayozidi kukua hapa Mwanza, ya kuusafisha msitu kana kwamba ni ua wa nyumba. Kikundi au taasisi hukabidhiwa eneo lenye miti ya asili, na kazi ya kwanza huwa ni kufyeka vichaka, kukata mimea itambaayo, kufagia majani makavu na kuyachoma. Kisha mashina hupakwa chokaa, picha hupigwa, na eneo husemwa kuwa limetunzwa.

Ninakoishi, Nyegezi, kulikuwa na kichaka katikati ya mawe makubwa, ambamo ndege aitwaye kurumbiza mwenye nyusi nyeupe aliimba alfajiri na magharibi. Mwaka juzi kilifyekwa kwa siku mbili. Hakuna mti hata mmoja ulioangushwa, lakini kurumbiza hakusikika tena pale, kwa sababu chakula chake ni wadudu wanaokaa chini ya majani yanayooza, na kiota chake kinahitaji kivuli kizito.

Kurumbiza angalau ni mvumilivu, na huweza kuhamia bustani ya jirani. Jamaa zake wa msitu mnene, yaani akalati na alethe, hawana uwezo huo. Ni ndege wadogo wenye rangi zisizojionyesha, wanaoishi karibu na ardhi, na wengi wetu twaweza kupita hatua chache kutoka walipo bila kuwaona. Akalati wa Usambara hapatikani popote duniani ila katika misitu ya Usambara Magharibi, na yule wa milima ya Rubeho alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2004, ingawa alikuwa humu humu nchini mwetu siku zote.

Niliwahi kuingia katika msitu wa Kakamega, nchini Kenya, ambao mito yake huingia katika ziwa letu hili, nikaona jambo ambalo sijalisahau. Siafu walikuwa msakoni, wametandazwa juu ya majani makavu kama mkeka mweusi unaotembea, na mbele yao nyenje, buibui na mende walikuwa wakikurupuka kuokoa roho zao. Alethe mwenye kifua cha kahawia alikuwa ameshika kijiti sentimita chache kutoka ardhini, akishuka, akidaka mdudu aliyekimbia, na kurudi pale pale. Ndege hawa hawawafuati siafu ili wawale, bali huvuna kile ambacho siafu wamekitimua. Kwa kuwa kundi moja la siafu halitoki kuwinda kila siku, ndege huyo hulazimika kuwa na eneo lenye makundi kadhaa, na ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Kakamega waliona kwamba msitu unapokatwakatwa vipande, siafu hupungua na ndege wanaowafuata hupungua pamoja nao.

Mambo hayo yamepimwa pia mbali na kwetu. Karibu na Manaus, nchini Brazili, utafiti ulioanza mwaka 1979 ulifuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100, na ndege wanaofuata siafu wa huko walitoweka mapema katika vile vidogo. Nchini Panama ziwa lilifanywa kwa ajili ya mfereji, na vilima vikageuka visiwa. Watafiti waliwachukua ndege wa msituni kwa mashua, wakawaachia mita 100 hadi 300 kutoka ufukweni, na baadhi yao hawakuweza kuvuka hata zile mita 100. Huo ni umbali ambao mtoto wa Ukerewe anauogelea.

Sisi watu wa visiwani na pwani ya ziwa tulitazame jambo hilo kwa uzito. Ndege wa namna hiyo akitoweka katika msitu wa kisiwa cha Maisome au cha Rubondo, hatutarajii mwingine avuke maji aje kujaza nafasi yake. Wala mashamba ya misonobari, pamoja na manufaa yake ya mbao ambayo siyapingi, hayawezi kuwa badala ya msitu wa asili, kwa maana chini yake hutanda sindano kavu na vichaka ni haba. Najua pia kwamba sangara ana mafuta mengi na hahifadhiki kwa jua kama dagaa, hivyo kuni za kumkaushia zitatoka mahali fulani. Basi zitoke katika miti iliyopandwa kwa kazi hiyo.

Ninachokiomba kwa halmashauri zetu na kamati za mazingira za vijiji hakihitaji bajeti. Katika kila mkataba wa kutunza eneo la miti ya asili kiandikwe kifungu kinachokataza kufyeka na kuchoma chini ya miti, isipokuwa kwenye njia za kupita na za kuzuia moto. Na palipo na vipande viwili vilivyo jirani, ukanda wa katikati uachwe uote wenyewe: kule Manaus, vichaka vilipoota tena na kuviunganisha vipande na msitu mkubwa, baadhi ya ndege wale wanaofuata siafu walirudi.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza