Mvinyo mkavu si mvinyo mchungu

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaotembelea viwanda vya mvinyo, pamoja na wanaowapokea huko, waache kuchanganya maneno. Mgeni akionja mvinyo mwekundu mkavu hukunja uso na kusema ni mchungu, naye mwenyeji huharakisha kumletea mtamu.

Ukavu maana yake ni moja tu: hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kawaida huweka mpaka wa gramu 4 za sukari iliyobaki kwa lita. Gramu 17 hivi za sukari kwa lita, zikiliwa na hamira, huzaa asilimia 1 ya kileo, hivyo juisi yenye gramu 220 hutoa karibu asilimia 13. Kinachomkunja mgeni uso ni ukakasi, ule ule wa tunda bichi. Hutokana na tanini, yaani viini vikakasi vilivyomo katika maganda na mbegu za zabibu, kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, nayo ndiyo yanayoupa rangi. Kuvitofautisha si kazi: ukakasi hukausha fizi, uchachu hujaza mate kinywani, na uchungu wa kweli hubaki ulimini hata baada ya kumeza.

Mara nyingi kosa ni la mwenyeji. Chupa iliyokaa mezani chumba kikiwa na nyuzi joto 26 hunuka kileo kitupu, harufu ya tunda ikafunikwa. Mvinyo ukitoka kwenye jokofu moja kwa moja, ukakasi huzidi. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Mvinyo mwepesi hata 14. Mgeni asione haya kuuliza chupa ilifunguliwa lini, maana iliyobaki wazi tangu juzi imeshapoteza uhai wake kwa hewa.

Mimina mililita 30 hadi 50, si zaidi. Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha baada ya kuzungusha. Harufu ya boksi lililolowa na kuota ukungu ni dosari, mara nyingi ya kizibo, na haiondoki. Omba chupa nyingine. Ya yai viza huweza kutoweka glasi ikizungushwa. Ya siki ni bakteria waliopata hewa, pengine katika pipa lisilojazwa hadi juu. Mwonjaji aliyejipaka manukato huwaharibia wote waliomzunguka.

Anza na mwepesi, umalizie na mzito uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni. Ukigeuza mpangilio, ule mwepesi utaonekana maji matupu. Teme kwenye ndoo. Hakuna utovu wa adabu hapo, na baada ya glasi ya sita asiyetema haonji tena, anakunywa. Dereva ateme tangu ya kwanza, au asionje kabisa.

Wenye viwanda nao wampeleke mgeni kwenye matangi kabla ya meza. Akiona maganda yaliyoelea juu yakizamishwa mara mbili tatu kwa siku, ataujua ukakasi ulikotoka kabla haujamgusa ulimi.

Msomaji wenu