Baba alimwombea Idi Amin kanisani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Wiki tatu zilizopita mjukuu wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alinibishia hodi chumbani saa tano usiku akiwa na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa ujumbe wa sauti wa mtu anayejiita mtumishi wa Mungu. Mtu huyo anahesabu vita kimoja baada ya kingine, Ukraine, Gaza, Sudan, Goma, kisha anautaja mwezi ambao, kwa hesabu zake, dunia yote itawaka moto. Mtoto akaniuliza, "Bibi, vita vikifika Bukoba tutakimbilia wapi?"

Sikumjibu mara moja. Swali hilo niliwahi kumuuliza baba yangu nikiwa mdogo kuliko yeye, na siku hiyo mizinga ilikuwa inasikika.

Nimezaliwa mwaka 1966 ng'ambo ya mto Kagera, katika kijiji kilicho karibu na barabara iendayo Mutukula. Mkoa wetu siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa uamsho, mmoja wa wale walioitwa Walokole. Mali yake ilikuwa kibanja cha migomba na kahawa, baiskeli moja, na redio ya betri ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Kwa kuwa mpaka ulikuwa jirani, Radio Uganda iliingia vizuri, na huko ndiko tulikozisikia sifa za Amin. Alijiita Rais wa Maisha. Alijiita Mshindi wa Dola ya Uingereza. Alijiita Bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wote wa baharini. Watu wazima waliokuja kusikiliza taarifa ya habari walicheka, lakini baba hakucheka hata kidogo. Aliizima redio akasema, "Cheo hicho kina mwenyewe."

Wasiojua Kihaya niwaeleze kidogo. Kwetu mfalme aliitwa Mukama, na neno hilohilo ndilo tunalomwitia Bwana Mungu tunaposali. Bibi mzaa baba alizaliwa Wajerumani wakiwa bado wanatawala Bukoba. Aliwaona wakiondoka, akawaona Waingereza wakija, nao wakaondoka, na mwaka 1963 serikali yetu wenyewe ikaufuta utawala wa machifu, wafalme wetu wakawa raia kama sisi. Bibi alizoea kusema kwamba abakama, yaani wafalme, waliopita mbele ya mlango wake ni wengi, ila Mukama anayemwomba asubuhi ni yuleyule tangu alipokuwa msichana. Hakuwahi kusoma hata darasa moja, wala sijasikia mahubiri juu ya watawala wa dunia yaliyozidi maneno hayo.

Februari 1977 habari zilivuka mpaka kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda ameuawa. Serikali ya Amin ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Waganda waliokuwa wakija kwetu sokoni hawakuamini, na sisi hatukuamini. Jumapili iliyofuata baba alisimama kanisani akamwombea Amin kwa jina. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa watoto mbele kabisa, na nilisikia minong'ono nyuma yangu. Ibada ilipokwisha mzee mmoja wa kanisa alimfuata mlangoni: "Mwinjilisti, unamwombeaje mwuaji wa askofu?" Baba akamjibu, "Simwombei adumu, mzee wangu. Namwombea kwa kuwa naye yumo mkononi mwa Mungu, ila hajui."

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akabeba sufuria lenye ndizi ambazo hazijaiva, tukatembea na umati hadi daraja la Kyaka. Baba alituvusha, akageuka. Alirudi na baiskeli kumchukua mama mmoja kipofu, akamleta, akarudi tena kwa ajili ya mzee aliyekuwa na mguu mbovu. Mara ya tatu hakuonekana. Daraja likalipuliwa. Amin alikuwa tayari ametangaza kwamba ardhi yote kuanzia mpakani hadi mtoni sasa ni Uganda, na baba alikuwa upande huo.

Sisi tulipokelewa na mjomba huko Kamachumu. Tulikuwa pale Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa tarehe 2 Novemba, akasema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Watu walipiga makofi mbele ya redio. Mama hakupiga. Siku ya tisa baba alitokea uani kwa mjomba, miguu imevimba, baiskeli hana. Alikuwa amevuka mto usiku kwa mtumbwi wa mvuvi.

Usiku huo mjomba alimuuliza lile swali ambalo kila mkimbizi huuliza: Mungu alikuwa wapi? Nilikuwa macho, nimejifunika khanga ya mama, nikisubiri jibu kuliko hata mjomba. Baba alisema hajui kwa nini. Kisha akamsomea Danieli sura ya pili, mahali panaposema kwamba Mungu "huuzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme". Akaongeza jambo ambalo limekaa nami hadi leo: Danieli aliyasema hayo akiwa mateka katika nchi ya mfalme aliyekuwa ameamuru auawe.

Nalirudia jambo hili kwa ajili ya hao wanaosambaza tarehe. Neno la kwamba Mungu anatawala juu ya wafalme lilitolewa kwa watu waliokuwa chini ya kiatu cha wafalme, ili wapate usingizi. Wao wanalichukua neno hilohilo na kuwanyima watoto wetu usingizi. Danieli alionyeshwa mambo makubwa ya mataifa na bado siku za kawaida aliendelea kusali mara tatu kwa siku na kufanya kazi ya ofisi ya mfalme. Vilevile nawasikia wanaomchukua kiongozi huyu au yule wa nchi za mbali na kumwita Koreshi wa leo, kwa jina la yule mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi kurudi kwao, kana kwamba kutumiwa na Mungu ni kuthibitishwa naye. Isaya sura ya 45 inasema Koreshi aliitwa ingawa hakumjua aliyemwita. Hapo hajasifiwa.

Upande wa pili wako wanaosema: mamlaka yote yamewekwa na Mungu, kwa hiyo nyamaza. Nao niwajibu kwa habari za baba. Tuliporudi kijijini mwaka 1979 nyumba ilikuwa haina paa wala mlango, na ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wameibwa. Msaada wa mahindi na blanketi ulipokuja, wajane walipata pungufu ya kilichoandikwa. Baba alisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza zilizobaki ziko wapi. Kiongozi mmoja alimkumbusha mbele ya watu wote kwamba yeye mwenyewe huhubiri kuwa viongozi wamewekwa na Mungu. Baba alisema, "Ndiyo, ndugu yangu. Kwa hiyo hizi blanketi utaulizwa na yeye. Afadhali uanze kujibu kwetu." Wajane walizipata blanketi zao wiki hiyo.

Baba alimpenda Mwalimu Nyerere kwa moyo wake wote, na alikaza mkanda bila kunung'unika katika ile miezi 18 ambayo Mwalimu alituomba tujibane baada ya vita, ingawa sabuni na sukari tulikuwa tumevisahau. Lakini mtu aliposema mbele yake kwamba Mwalimu ndiye mwokozi wetu, alimnyamazisha kwa upole. Alisema watu wa Kampala walicheza barabarani Januari 1971 Amin alipompindua Obote, na wakacheza tena Aprili 1979 Amin alipokimbia. Zaburi ya 146 inasema msiwatumainie wakuu. Miaka michache tu baadaye Waganda walikuwa wanauana tena huko Luwero, na baba hakushangaa, alihuzunika.

Mhariri, ningeishia hapa barua yangu ingekuwa nyepesi, na nisingekuwa nimesema kweli. Kaka yangu mkubwa alijiunga na mgambo akaenda vitani. Baba alimwekea mikono kichwani, akamwombea, akamwachia aende. Kampala ilipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979 tulikesha kanisani tukiimba. Vijana wawili wa jirani yetu hawakurudi. Kaka alirudi mzima, akaoa, akanunua pikipiki. Kisha ukaja UKIMWI, ule ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, palepale Kamachumu tulikokimbilia vita. Kaka tulimzika mwaka 1987, na mkewe mwaka uliofuata. Watoto wao watatu walilelewa nyumbani kwetu.

Watu walioimba nasi Aprili 1979 kwamba Mungu amemwangusha Amin walimuuliza baba, wengine kwa machozi na wengine kwa hasira, huyo Mungu sasa amekwenda wapi. Baba hakuhubiri karibu mwaka mzima. Aliingia kanisani, akakaa benchi la nyuma, akatoka. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya ualimu, na niliogopa kwamba imani yake imekwisha. Na kama yake imekwisha, yangu ningeisimamisha juu ya nini? Siku moja nikamuuliza tukiwa tunapalilia. Alisimama, akaegemea jembe, akasema, "Anachofanya sikielewi, mwanangu. Lakini nimetazama kitini, sijaona mwingine aliyekalia." Jumapili hiyo akapanda mimbari.

Imani ya namna hiyo haiwezi kutumwa kwa ujumbe wa sauti, naomba wachungaji wetu walione hilo. Baba hakuwahi kudai kuijua ratiba ya Mungu. Alimjua mwenye ratiba, akamlilia, akamuuliza, wakati mwingine akamnyamazia, na wakati wote huo baiskeli yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Wachungaji mlio katika makundi hayo ya WhatsApp, semeni neno. Kunyamaza kwenu watoto wanakuchukua kuwa ni kukubali.

Agosti 2003 nilikuwa nyumbani kwa baba redio ilipotangaza kwamba Idi Amin amekufa Jeddah, Saudi Arabia. Alikuwa amekaa ukimbizini zaidi ya miaka 20, yeye aliyekuwa bwana wa samaki wote wa baharini. Nilitazamia baba atasema jambo kubwa. Alikuwa na miaka 81, macho yameanza kuingia ukungu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama taarifa imesema watoto wake walikuwa karibu naye.

Jumamosi iliyofuata baada ya usiku ule wa simu nilipanda hiace na mjukuu wangu hadi Kyaka. Nilimwonyesha magofu ya kanisa lililobomolewa vitani, tukatembea polepole hadi darajani. Mto ulikuwa umejaa, maji yana rangi ya udongo. Malori yalikuwa yanapita kuelekea Mutukula, na daraja lilitikisika kidogo kila moja lilipopita. Nilimwonyesha upande tulikotokea na upande alikosimama mama akiwa na lile sufuria. Nilimwambia, "Uliniuliza tutakimbilia wapi. Sijui. Babu yangu mzaa baba hakujua, baba yangu hakujua. Lakini hapa ndipo alipogeuka kurudi."

Akaniuliza kama yule mama kipofu alipona. Nilimwambia alipona, na kwamba wajukuu zake wanauza ndizi pale stendi. Akataka twende tukanunue kwao.

Mwalimu mstaafu,
Kashai, Bukoba