Jamhuri ya Roma haikuwa fujo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuungana kwa Italia niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika pale mwandishi anapoiita Jamhuri ya Roma ya mwaka 1849 "fujo ya miezi mitano". Nimesomesha historia miaka mingi na neno hilo limeniuma. Naomba nafasi nimjibu.

Novemba 1848 Papa Pius IX, ambaye wakati huo ndiye aliyeutawala mji wa Roma, alitoroka, siku chache baada ya waziri wake Pellegrino Rossi kuuawa kwa kisu. Mji ukabaki bila mtawala. Januari wanaume wote, tajiri kwa fukara, wakaitwa kupiga kura, na tarehe 9 Februari bunge walilolichagua likatangaza jamhuri. Katiba yake ilipiga marufuku adhabu ya kifo. Ilisema pia kwamba haki za raia hazitegemei dini yake, na hayo yaliandikwa katika mji wa Papa, ambako Wayahudi walikuwa wamebanwa kwenye mtaa wao kwa karibu miaka 300! Watu walioandika katiba hiyo ndio mwandishi anaowaita wafanya fujo?

Aliyeiua jamhuri hiyo ni jamhuri nyingine. Katiba ya Ufaransa ya 1848 iliahidi kutotumia kamwe nguvu zake dhidi ya uhuru wa taifa lolote. Hata hivyo Jenerali Oudinot wa Ufaransa alitumwa Roma, akatimuliwa tarehe 30 Aprili, kisha akarudi na jeshi kubwa zaidi. Aliandika kwamba hataushambulia mji kabla ya Jumatatu, tarehe 4 Juni. Askari wake walivamia majumba ya nje ya kuta alfajiri ya Jumapili, watetezi wakiwa bado wamelala. Siku hiyo ndipo alipojeruhiwa Goffredo Mameli, kijana aliyetunga maneno ya wimbo ambao leo ni wa taifa la Italia. Alifariki mwezi uliofuata, ana miaka 21.

Kuna mtu mwingine ambaye makala haikumtaja kabisa, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Andrea Aguyar alikuwa mtu mweusi kutoka Uruguay, mtoto wa watumwa wa asili ya Afrika. Alivuka bahari pamoja na Garibaldi, jemadari maarufu wa harakati za kuiunganisha Italia, na kupigana ubavuni mwake. Tarehe 30 Juni kipande cha kombora kilimuua huko Trastevere, mtaa wa Roma, akiutetea mji ambao si wa kwao. Siku tatu baadaye katiba ya Jamhuri ya Roma ilisomwa hadharani kwenye kilima cha Campidoglio, huku Wafaransa wakiingia mjini.

Naomba toleo lijalo mlichapishe jina la Aguyar, pamoja na picha yake iliyochorwa enzi hizo, ili wanafunzi wanaosoma gazeti hili wamwone.

Mwalimu mstaafu,
Tanga