Anemoni akinywea msimu wa kaskazi, anza kwa kupima chumvi

Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, simu zinazotufikia hapa Mombasa, kwenye duka letu la viumbe wa tangini, hufanana. Anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayeshika jiwe na kuchanua kama ua, alikuwa amechanua vizuri tangu Agosti; sasa amenywea, mdomo umelegea, ameliacha jiwe lake na anazurura kwenye kioo. Mteja anataka dawa. Wengine wameshamwongezea chakula wakidhani ni njaa. Sisi huanza kwa kuuliza: chumvi ya maji ilisoma ngapi leo asubuhi, na jana saa tisa alasiri joto lilikuwa ngapi? Mara nyingi tatizo liko hapo, na dawa yoyote utakayomimina itazidisha taabu.

Anemoni ni mnyama asiye na mifupa wala gamba. Ngozi yake ni laini, na maji yaliyomo mwilini mwake ni karibu sawa na yale yanayomzunguka. Chumvi ya tangi ikipanda, mwili wake unapanda nayo. Kule miambani, bahari yote inamlinda: maji ya leo na ya kesho hayapishani sana. Kwenye tangi la sebuleni mabadiliko ya wiki nzima ya bahari yanaweza kutokea kati ya chakula cha mchana na cha jioni.

Chukua tangi la lita 80, ambalo ndilo dogo kabisa tunalokubali kuliuzia anemoni. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 65. Weka feni ya kupoza, kama inavyolazimu hapa Pwani, na lita 2 kwa siku zinaweza kuondoka kama mvuke. Yanayoondoka ni maji matupu. Chumvi inabaki, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Ukisafiri Ijumaa na kurudi Jumatatu umepoteza lita 6, na chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita imevuka 38. Kisha unarudi, unaona maji yameshuka, unamwaga lita 6 kwa mpigo. Huyo anemoni amepigwa mara mbili: kwanza kwa kupanda polepole, kisha kwa kushushwa ghafla.

Kuna kosa jingine tunaloliona zaidi kwa wateja wanaokaa karibu na ufuo: kufidia maji yaliyopungua kwa maji ya bahari. Mantiki yake inaeleweka, kwani mnyama ni wa baharini. Lakini hesabu inakataa. Kila lita 2 za maji ya bahari zinaingiza gramu 70 za chumvi mpya juu ya ile iliyobaki. Kwa wiki moja ni karibu nusu kilo, na tangi letu la lita 65 linakuwa limefika gramu 42 kwa lita. Maji ya bahari ni ya kubadilishia, yaani unatoa kiasi fulani kwenye tangi na kurudisha kiasi hichohicho. Maji ya kufidia mvuke lazima yawe matamu na safi.

Na hapa Mombasa kupata maji matamu na safi si jambo dogo. Ya kisima usiyaguse: visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina chumvi na magadi, na vingine viko karibu mno na vyoo vya shimo, kwa hiyo huja na naitreti tele, yaani mabaki ya uchafu. Ya mfereji yana klorini, na yakikaa kwenye tangi la juu la nyumba hujui yamebeba nini. Maji tunayoyashauri ni yale yaliyochujwa kwa mtambo, yanayouzwa mitaani kwa mitungi ya lita 20. Mtungi mmoja unatosha tangi dogo kwa zaidi ya wiki. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo pale maji yanapopaswa kufika, kisha kila asubuhi ongeza taratibu mpaka mstarini. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo inayookoa anemoni wengi kuliko kifaa chochote tunachouza. Kama nyumbani hakuna mtu wa kuifanya kila siku, nunua kifaa cha kuongeza maji chenyewe, au usinunue anemoni. Tunalisema hili hata kwa mteja aliyekuja na pesa mkononi.

Kipimo cha chumvi nacho kiwe cha kuaminika. Haidromita za plastiki zenye mshale hudanganya zikishika viputo au ukungu wa chumvi. Rifraktomita, kipimo kinachosoma chumvi kwa mwanga unaopita kwenye tone la maji, ni ghali kidogo lakini inadumu miaka, mradi uirekebishe mara kwa mara kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Tunataka gramu 35 kwa lita, au 1.026 kwa kipimo cha uzito wa maji yakilinganishwa na maji matamu. Ukikuta imepanda, ishushe kwa siku mbili, kidogo kidogo, hata kama inauma kumtazama mnyama akiwa vile.

Sasa joto. Anemoni wanaokaa na samaki wana mwani mdogo sana ndani ya nyama yao. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wake. Joto likizidi, mwani unatimuliwa na mwili unabaki mweupe. Ni jambo lilelile lililoyapata matumbawe mengi ya pwani ya Kenya mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño. Ndani ya nyumba yenye madirisha yanayotazama magharibi, tangi dogo linaweza kufika nyuzi 31 au 32 bila wewe kujua. Lenga nyuzi 25 hadi 27.

Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi 2 au 3, na ndiyo suluhisho la bei nafuu. Kumbuka tu kwamba ndiyo inayoharakisha mvuke. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu. Taa za LED ziwake jioni, kuanzia saa kumi hadi saa sita usiku, ili joto la taa lisikutane na joto la mchana; anemoni hajali saa yako mradi apate saa nane hivi za mwanga mzuri kila siku. Chupa ya barafu iwe ya dharura pekee, maana hushusha joto ghafla kisha linapanda tena. Wateja wetu wa Nairobi wana shida iliyo kinyume: usiku wa Julai wao wanahitaji hita.

Stima ikipotea, feni na pampu zinasimama pamoja, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwe karibu na tangi, ikiwa imejaribiwa.

Wanaochota maji ya kubadilishia wenyewe: chota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvu, bahari inapojaa kupita kawaida, ikiwezekana, upande wa bahari kuu na si ndani ya hori la Tudor wala karibu na bandari ya Kilindini. Baada ya mvua kubwa za masika subiri, maana karibu na ufuo maji hubeba tope na chumvi yake hushuka. Wa Malindi waangalie Mto Sabaki. Bahari ikigeuka rangi ya udongo, acha kabisa.

Kuhusu kununua. Sisi tunauza aina moja tu kwa matangi madogo, Entacmaea quadricolor, yule mwenye ncha za mikono zilizovimba. Hujigawa mwenyewe mara mbili, na wengi tulio nao wamezaliwa hivyo ndani ya matangi yetu, kwa hiyo hao hawakung'olewa mwambani kwa ajili yako. Stichodactyla mertensii, ambaye yupo kwenye miamba yetu, anaweza kupita mita moja kwa upana; hana nafasi sebuleni. Na tafadhali usijichotee mwenyewe ukiwa kwenye mashua ya matembezi. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari, iwe Mombasa, Watamu, Malindi au Kisite, hairuhusiwi kutoa kiumbe chochote.

Popote utakaponunulia, mtazame kabla ya kulipa. Mdomo uwe umefumba. Mikono inase kidogo ikiguswa na chakula. Mguu, ile sehemu inayoshika jiwe, usiwe na mchaniko hata mdogo, kwa kuwa jeraha la mguuni ndilo linalooza. Mweupe pepe amepauka. Wa manjano kali sana huenda ametiwa rangi. Muuzaji akimng'oa kwa kuvuta, mwachie.

Tangi liwe limekaa miezi sita au zaidi, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa viumbe, ikisoma sifuri. Pampu zote zifunikwe sponji kwenye mdomo wa kuvuta maji, kwa sababu anemoni mgeni atatembea, na akinaswa na pampu hupondeka na kuchafua maji yote kwa usiku mmoja. Kamba mbichi asiye na chumvi wala viungo, kipande kisichozidi upana wa mdomo wake, mara moja kwa wiki kinatosha. Akikitema, kilikuwa kikubwa. Usitie kamwe dawa ya samaki yenye shaba nyekundu ndani ya tangi lenye anemoni. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye ndoo yake.

Wengi humtaka anemoni kwa ajili ya samaki wanaoishi kati ya mikono yake. Wale wa pwani yetu ni Amphiprion allardi, mweusi-kahawia mwenye mistari miwili myeupe, na Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Ukweli ni kwamba samaki hawa huishi vizuri tangini bila anemoni. Tena jozi kubwa ikimvamia anemoni mdogo aliyefika juzi, inaweza kumchosha asichanue. Mpe wiki kadhaa za kushika mizizi kwanza. Kama hamu yako ni samaki tu, chukua samaki.

Anayedhani chombo kidogo hakifai kabisa, yuko anemoni aliyeokotwa North Berwick huko Uskoti mwaka 1828 na Sir John Graham Dalyell, mtafiti wa viumbe. Aliwekwa kwenye chupa ya kioo, akabadilishiwa maji ya bahari mara kwa mara, akarithiwa na watunzaji wengine baada ya Dalyell kufa, na akaishi hadi 1887. Yule alikuwa wa aina ya maji baridi, asiyetegemea mwanga kama hawa wetu, kwa hiyo kazi yako ni ngumu kuliko yao. Lakini siri yao ilikuwa hiyohiyo: maji yasiyochoka wala kubadilika.

Kunywea kwa saa chache na kutoa uchafu wa kahawia kwa mdomo si ugonjwa. Mwili wake una tundu moja tu kwa kazi zote mbili. Akikaa siku mbili au tatu bila kujaza mwili, mdomo wazi, akianza kunuka au kuchuruzika vipande, mtoe usiku huohuo na ubadilishe theluthi ya maji.

Tunapima maji bila malipo kwa mteja yeyote, hata kama hukununua kwetu. Leta nusu lita kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa kwa maji ya tangi, isiwe iliyowahi kubeba sabuni, uijaze mpaka juu na kuifunga, ukiandika saa uliyochota na joto lilivyosoma. Ukiweza, chota mara mbili: asubuhi kabla ya kuongeza maji, na alasiri jua likiwa kali. Leta pia kidogo ya yale maji unayoongezea.